NJIA ZA MKATO ZA KOMPYUTA KWA MTUMISHI ANAYETUMIA MKONO MMOJA

Watumishi wa umma na wananchi wanafahamishwa kuwa kompyuta za kawaida za ofisini zina zana zinazomwezesha mtu anayetumia mkono mmoja kufanya kazi za ukarani, uhasibu na masijala bila kusubiri msaada wa mwenzake. Zana hizo hazinunuliwi wala hazihitaji fungu la bajeti, na kuziwasha ni kazi ya dakika chache. Hata hivyo, mara nyingi hazitumiki, ama kwa kuwa hazijulikani, ama kwa kuwa huzimwa na mtumishi mwingine asiyezihitaji.

Maelezo haya yanaonesha zana hizo ni zipi, zinafanyaje kazi, na jinsi ya kuzihifadhi pale ambapo kompyuta moja inatumiwa na watu wengi. Mifano imechukuliwa kutoka Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Lakini kompyuta ni zilezile, na yanayosemwa hapa yanazihusu pia ofisi za Unguja, Pemba na kwengineko.

1. Haja ilivyo Kasulu na Kibondo

Mtu huweza kubaki na mkono mmoja wa kufanyia kazi kwa sababu nyingi: kuzaliwa hivyo, polio, kiharusi, ajali ya pikipiki, kuungua moto au kukatwa na mashine. Wengine hali hiyo ni ya muda tu, kama vile mtumishi aliyefungwa plasta baada ya kuvunjika mkono.

Katika wilaya hizi zipo sababu nyingine zinazojulikana. Shule ya Msingi Kabanga, wilayani Kasulu, ambayo hupokea watoto wenye ulemavu, ilikuwa miongoni mwa shule zilizowapa hifadhi watoto wenye ualbino baada ya mauaji na mashambulizi yaliyoitikisa nchi kuanzia miaka ya 2007 na 2008. Baadhi ya watu walionusurika mashambulizi hayo katika mikoa mbalimbali walipoteza mkono. Aidha, mkoa huu umepokea kwa miongo kadhaa wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, ikiwemo kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996, na miongoni mwa watu waliokimbia vita hawakosi waliojeruhiwa viungo.

Watoto wa wakati ule sasa ni watu wazima wanaotafuta kazi. Wengi wao wamesoma, na kazi ya ofisi huwafaa kuliko ya jembe, hasa mwenye ualbino ambaye jua humdhuru. Iwapo mlango wa ofisi utafungwa kwa sababu ya vitufe viwili vinavyotakiwa kubonyezwa kwa pamoja, itakuwa ni hasara kwa mtu huyo na kwa Serikali pia.

2. Kiini cha tatizo

Kuandika herufi moja moja kwa mkono mmoja hakuna kikwazo kikubwa. Mwenye mazoezi huandika kwa kasi ya kuridhisha. Kikwazo kiko kwenye vitufe vya kushikilia, yaani Ctrl, Alt na Shift, ambavyo havifanyi kazi vikiwa peke yake. Hutakiwa kushikiliwa chini wakati kidole kingine kinabonyeza kitufe cha pili.

Mfano mzuri ni amri ya kuchapisha barua, ambayo ni Ctrl pamoja na P. Katika kibodi ya kawaida, kutoka Ctrl ya kushoto hadi herufi P ni karibu sentimita 20. Kiganja cha mtu mzima kikinyooshwa chote ndipo hufika huko, tena kwa shida, na mwenye kiganja kidogo hafiki kabisa. Mtu akiirudia amri hiyo mara nyingi kwa siku, mkono pekee alionao utaumia.

Amri ya Ctrl, Alt na Delete ilibuniwa kwa makusudi iwe ngumu. Mhandisi David Bradley wa kampuni ya IBM, aliyeibuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, alichagua vitufe vilivyo mbalimbali ili mtu asiizime na kuiwasha upya kompyuta kwa bahati mbaya. Baadaye amri hiyo ikawekwa kuwa mlango wa kuingilia katika kompyuta nyingi za ofisi. Hivyo mtumishi mwenye mkono mmoja anaweza kukwama kabla hata hajaandika neno la kwanza.

Kuhifadhi kazi nako ni muhimu. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, kabla ya kufikiwa na gridi ya Taifa. Kila aliyefanya kazi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa anajua kuwa amri ya kuhifadhi hutolewa kila baada ya aya moja au mbili. Anayeshindwa kuitoa kwa wepesi ndiye atakayepoteza kazi ya asubuhi nzima.

3. Vitufe vinavyoganda

Dawa ya kwanza ni zana ambayo kwenye skrini za Kiingereza huandikwa Sticky Keys, nayo hapa itaitwa vitufe vinavyoganda. Ikiwashwa, kitufe cha kushikilia hakihitaji tena kushikiliwa. Mtumishi hubonyeza Ctrl na kuiachia, kisha hubonyeza P, na kompyuta huielewa kama amri moja. Ctrl, Alt na Delete hubonyezwa kimoja baada ya kingine kwa kidole kimoja. Kitufe cha kushikilia kikibonyezwa mara mbili mfululizo hujifunga, na hukaa hivyo mpaka kibonyezwe tena mara ya tatu. Hii hufaa pale mtu anapotaka kuandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa au kutoa amri kadhaa za Ctrl kwa mfululizo.

Jambo hili si geni kwa makarani wa zamani. Mashine ya kupiga chapa ilipopata kitufe cha Shift, katika mashine za Remington za mwaka 1878, haikuchukua muda mrefu kabla ya kuongezwa kitufe cha kuifunga Shift ili kidole kipumzike. Vitufe vinavyoganda ni wazo hilohilo lililopanuliwa hadi kwenye Ctrl na Alt. Zana za namna hii za kompyuta zilitengenezwa katika miaka ya 1980 katika kituo cha Trace cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, chini ya Gregg Vanderheiden. Kampuni ya Microsoft iliziingiza ndani ya Windows 95, iliyotoka mwezi wa Agosti 1995, na tangu hapo kila toleo la Windows limekuja nazo. Kompyuta za Apple na zile za Linux zinazo pia.

Njia ya haraka ya kuwasha ni kubonyeza Shift mara tano mfululizo, kisha kukubali swali linalojitokeza. Njia ya kudumu ni kupitia mipangilio. Katika Windows 11 hufunguliwa Settings, kisha Accessibility, kisha Keyboard. Katika Windows 10 sehemu hiyo huitwa Ease of Access, na katika Windows 7 hupatikana ndani ya Control Panel.

4. Njia zisizohitaji kuwasha kitu

Hata bila zana hiyo, zipo amri zinazofikiwa na mkono mmoja. Inategemea ni mkono upi.

(a) Anayetumia mkono wa kushoto amebahatika, kwa kuwa amri za kutengua, kukata, kunakili na kubandika ziliwekwa kwenye Z, X, C na V, herufi zilizo jirani na Ctrl ya kushoto. Amri ya kuhifadhi, yaani Ctrl na S, nayo iko karibu. Taabu yake iko kwenye P, O na L, na katika kuteua maandishi kwa Shift na mishale.

(b) Anayetumia mkono wa kulia ana amri za zamani ambazo programu nyingi bado zinazitambua: Ctrl ya kulia pamoja na Insert kwa kunakili, Shift ya kulia pamoja na Insert kwa kubandika, na Shift pamoja na Delete kwa kukata. Katika Microsoft Word, Shift pamoja na F12 huhifadhi kazi. Ikumbukwe kuwa kompyuta nyingi ndogo za mkononi hazina Ctrl ya upande wa kulia. Kwa hiyo mtumishi wa aina hii apewe kibodi kamili ya kuchomeka.

(c) Kwa mikono yote miwili, kitufe cha F8 katika Word huanzisha uteuzi wa maandishi bila kushikilia Shift. Kikibonyezwa mara mbili huteua neno, mara tatu sentensi, mara nne aya nzima. Esc husitisha.

(d) Katika programu za Microsoft Office za kuanzia mwaka 2007, Alt hubonyezwa na kuachiwa, na herufi ndogo hutokea juu ya kila sehemu ya menyu. Mtumishi hufuata herufi hizo moja moja hadi kwenye amri anayoitaka. Kwa namna hiyo anaweza kufika karibu kila mahali bila kushikilia kitufe chochote.

5. Kipanya, na mkono unaotetemeka

Kipanya hushikwa kwa mkono mmoja, na kwa anayetumia wa kushoto vibonyezo vyake viwili hubadilishwa nafasi katika mipangilio. Asiyeweza kukishika huweza kuwasha zana inayoitwa Mouse Keys, ambayo hugeuza vitufe vya tarakimu vya upande wa kulia kuwa kipanya. Tarakimu zinazoizunguka 5 husogeza mshale, 5 yenyewe hubonyeza, alama ya kujumlisha hubonyeza mara mbili, sifuri hushika kitu cha kuburuta, na nukta hukiachia. Njia ya mkato ya kuiwasha zana hii ni vitufe vitatu kwa pamoja, Alt na Shift za kushoto pamoja na Num Lock, vilivyo katika ncha mbili za kibodi. Kwa sababu hiyo ni afadhali kuiwasha kutoka kwenye mipangilio.

Aliyepatwa na kiharusi huweza kuwa na mkono unaotetemeka au kukawia kwenye kitufe, na herufi moja ikajirudia mara kumi. Kwake ipo Filter Keys, ambayo hupuuza miguso mifupi na marudio. Huwashwa kwa kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane. Watumishi wote wanapaswa kuijua, kwa sababu anayeiwasha bila kujua hudhani kibodi imeharibika. Kabla ya kuagiza kibodi mpya, mpangilio huu uangaliwe kwanza.

6. Kupunguza idadi ya vitufe

Barua za Serikali zina maneno marefu yanayojirudia. Zana ya kusahihisha maneno iliyomo katika Word, yaani AutoCorrect, huweza kufundishwa kwamba herufi chache zikiandikwa ziwekwe maneno kamili. Mtumishi akipanga kuwa "mhk" isomeke "Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu", atakuwa amebonyeza vitufe vitatu na nafasi mahali pa zaidi ya hamsini. Orodha ya vifupisho 30 au 40 vya namna hiyo hutosha kwa sehemu kubwa ya barua za masijala. Kifupisho kisiwe neno la kawaida, la sivyo kitajitokeza kisipotakiwa.

Windows ina pia mipangilio miwili ya herufi kwa ajili ya mkono mmoja, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, iliyotokana na kazi ya August Dvorak wa Marekani, ambaye alipata hataza ya mpangilio wake wa kwanza mwaka 1936. Inafaa kwa baadhi ya watu, lakini ilipimwa kwa Kiingereza. Katika Kiswahili herufi A huongoza kwa mbali, na K na W hutumika sana kuliko katika Kiingereza. Zaidi ya hayo, mpangilio huo hauoneshwi na maandishi yaliyochapwa juu ya vitufe, na anayefuata kukaa kwenye kompyuta hiyo atachanganyikiwa. Kwa ofisi yenye kompyuta za kushirikiana, kibodi ya kawaida pamoja na vitufe vinavyoganda na vifupisho ndiyo njia yenye usumbufu mdogo.

Kuandika kwa sauti ni njia nyingine. Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake hiyo mwaka 2017. Huduma ya namna hii hutegemea mtandao, na haifai kwa majalada ya siri katika chumba chenye watu.

Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu pia. Kitufe chenye alama ya Windows pamoja na alama ya kujumlisha hukuza skrini, na kwa vitufe vinavyoganda amri hiyo nayo hutolewa kwa kidole kimoja.

7. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi

Hapa ndipo zana hizi hupotea. Katika ofisi ya wilaya karani wa zamu, mhasibu na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huweza kukaa kwenye kompyuta moja siku moja. Yapo mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, upo mpangilio unaozima vitufe vinavyoganda mara tu mtu anapobonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Mwenye mikono miwili akitoa amri moja tu, zana huzimika, na mwenzake atakaporudi atakuta kompyuta haimtii. Alama ya mpangilio huo iondolewe.

Pili, kila mtumishi awe na akaunti yake na neno lake la siri. Mipangilio hufuata akaunti, hivyo kila mmoja hukuta mashine kama alivyoiacha. Utaratibu huu unatakiwa pia kwa usalama wa kumbukumbu za Serikali.

Tatu, wapo mafundi wanaozima zana hizi kwenye skrini ya kuingilia. Wana sababu, kwa kuwa mtu mwenye nia mbaya akiweza kuichezea diski ya kompyuta huweza kubadilisha faili la zana hii na kupata njia ya kuingilia. Kinga inayofaa ni kuifunga diski kwa usimbaji na kuzuia watu wasiohusika kuifikia mashine. Kuizima zana kwa wote humfungia nje anayeihitaji, naye ndiye atakayelazimika kumtajia jirani neno lake la siri ili amfungulie. Hatari hiyo ni kubwa zaidi.

8. Ajira na haki

Kwa miaka mingi matangazo ya nafasi za makatibu muhtasi nchini yametaka waombaji waliofaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika, pamoja na ujuzi wa kompyuta. Hatimkato yenyewe huandikwa kwa mkono mmoja, hivyo kwa sharti hilo mwombaji mwenye mkono mmoja yuko sawa na wenzake. Tofauti hutokea anapopelekwa kwenye kompyuta ambayo haikuandaliwa. Msimamizi wa usaili asiyejua zana hizi huweza kuandika kuwa mwombaji hawezi kazi, ilhali kilichokosekana ni Shift kubonyezwa mara tano kabla ya jaribio kuanza.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 27 ya mkataba huo inataka marekebisho yanayofaa yafanywe mahali pa kazi. Zanzibar ilikwisha kutunga sheria yake mwaka 2006, na kwa Tanzania Bara ikafuata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia tatu. Marekebisho mengine ya mahali pa kazi yana gharama, kama vile kujenga njia ya kiti cha magurudumu. Haya ya kibodi hayana. Ni vigumu kwa ofisi yoyote kusema kuwa haikumudu.

9. Mambo ya kutekeleza

Kwa muhtasari, wakuu wa idara, maofisa utumishi na mafundi wanashauriwa yafuatayo:

(i) Kumuuliza mtumishi mwenyewe ni zana gani inamfaa. Wapo waliozoea njia zao na hawataki nyingine.

(ii) Kuziandaa kompyuta za usaili na za mitihani mapema, na kumpa mwombaji muda wa kuzijaribu.

(iii) Kuweka akaunti ya kila mtumishi, na kuondoa mpangilio unaozima vitufe vinavyoganda.

(iv) Kutoa kibodi kamili yenye Ctrl ya pande zote mbili badala ya ile fupi ya kompyuta ya mkononi.

(v) Kubandika karibu na kompyuta karatasi inayoeleza maana ya kubonyeza Shift mara tano na ya kuishikilia kwa sekunde nane, ili asiyehitaji zana ajue namna ya kuitumia na kuirudisha.

(vi) Kwa wanaotengeneza mifumo ya Serikali, kuhakikisha kila amri ina njia ya pili, ya menyu au ya kitufe kimoja, na kwamba fomu hujazwa mpaka mwisho kwa kitufe cha Tab bila kulazimisha vitufe viwili kwa pamoja.

Wananchi nao, hasa wazazi na walimu wa watoto wanaotumia mkono mmoja, wanakumbushwa kuwawashia zana hizi tangu wanapoanza kujifunza kompyuta. Mtoto aliyezizoea shuleni hatahitaji kuanza upya siku atakapoitwa kwenye usaili wa kazi.